Gorogoro ya intaneti: mteja naye aione

Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu hukilipia kila mwezi lakini wachache sana wamewahi kukiona kikipimwa. Nacho ni kiasi cha intaneti kinachotumika nyumbani au kazini. Na hasa nazungumzia kampuni ndogo ndogo za intaneti, zile zenye antena juu ya paa la ghorofa, ruta chache za MikroTik, faiba iliyofungwa kwenye nguzo, na wateja mia mbili au mia tatu mtaani. Siwachukii hawa watu, la hasha. Wamefikisha mtandao kwenye mitaa mingi ambayo kampuni kubwa hazikuwa na haraka ya kuifikia.

Msimamo wangu nausema mapema ili usihangaike kuutafuta: kampuni ndogo ya intaneti lazima ipime matumizi ya kila mteja, na mteja lazima aweze kuiona nambari ileile ambayo kampuni inaiona. Asipewe muhtasari wa mwisho wa mwezi, wala nambari iliyopambwa. Ileile.

Fikiria sokoni. Ukienda kununua mahindi, muuzaji anapima kwa gorogoro mbele ya macho yako. Sote twajua kuna wajanja wanaobonyeza tako la mkebe ili uingize punje chache. Lakini angalau mkebe uko mbele yako. Unaweza kuushika, kuugeuza na kuuliza kulikoni. Mwenye bucha ana mzani unaokutazama, na iko Sheria ya Mizani na Vipimo inayomkataza kuuchezea. Stima ina mita, na ukitia tokeni unaona yuniti zikipungua siku baada ya siku. Sasa njoo kwenye intaneti. Mkebe umefungiwa kwenye chumba cha seva. Muuzaji ndiye anayejaza, ndiye anayehesabu, na kazi yako wewe ni kuambiwa "umemaliza" au "mtandao uko sawa, labda ni simu yako".

Kuna wenye kampuni watakaosema, "Mimi nauza bila kikomo, sasa nipime nini?" Hebu tupige hesabu pamoja. Mteja mmoja wa Mbps 5 akiutumia mstari wake bila kupumzika kwa siku 30, atapakua kama terabaiti 1.6. (Kumbuka baiti moja ni biti 8, ndiyo maana Mbps 5 haikupi megabaiti 5 kwa sekunde bali 0.6 hivi. Watu wengi wamegombana na mtoa huduma wao kwa sababu ya hiyo 8.) Ukiwa na wateja 200 wa aina hiyo, umeahidi Mbps 1,000. Je, wewe mwenyewe umenunua Mbps 1,000 kutoka juu? Bila shaka hapana. Pengine umenunua 200.

Na hapo hujafanya kosa lolote! Hivyo ndivyo intaneti inavyouzwa dunia nzima, kwa sababu wateja wote hawatumii kwa wakati mmoja. Kosa ni kugawa bila kupima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni isiyojua nani anatumia kiasi gani na saa ngapi haiwezi kujua kama inatakiwa kununua Mbps 50 zaidi, au kama kuna antena moja tu inayowatesa wengine. Itabahatisha. Na mwenye kubahatisha kwa kawaida hubahatisha kwa kupunguza kasi ya kila mtu saa mbili usiku, halafu anazima simu.

Sasa, kupima kitu gani? Hapa ndipo naona kampuni nyingi zinapima kitu kisichowagharimu na kukiacha kinachowagharimu. Muuzaji mdogo anapolipa kule juu, mara nyingi analipia upana wa bomba, yaani Mbps, na wala halipii jumla ya gigabaiti. Kuna mtindo unaotumika sana kwenye biashara hii ya jumla. Matumizi yanapimwa kila dakika 5, mwisho wa mwezi vipimo vinapangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, asilimia 5 ya juu inatupwa, na kile kinachofuata ndicho unacholipia. Kwa mwezi wa siku 30 vipimo ni 8,640. Vinavyotupwa ni 432, ambavyo ni sawa na saa 36. Maana yake ni kwamba ukijaza bomba kwa saa moja kila jioni, hulipii. Ukilijaza kwa saa tatu kila jioni, unalipa kana kwamba limejaa mwezi mzima.

Kwa hiyo gharama ya kampuni hutokana na ile saa mbili hadi saa tano usiku, watu wanapotoka kazini, watoto wako kwenye YouTube na mechi inachezwa. Saa tisa usiku bomba liko tupu, na intaneti haiwekwi ghalani kama mahindi. Mbps ambayo haikutumika saa tisa usiku imepotea milele. Kijana anayepakua mihadhara yake ya chuo saa tisa usiku hamgharimu mwenye kampuni chochote cha maana, lakini kwenye bando la gigabaiti anakatwa sawasawa na anayetazama filamu jioni. Kwangu mimi huko ni kuadhibu tabia njema. Ningekuwa na kampuni, gigabaiti za usiku wa manane zisingehesabiwa kabisa.

Zamani tulikuwa na kisingizio. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na kila kilobaiti ilikuwa dhahabu. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na biashara yote ikabadilika. Lakini tabia ya kuhesabu gigabaiti kwa siri tumeibeba hadi leo.

Wenzangu watayarishaji programu, aya chache zinazofuata ni zenu. Msomaji mwingine, vumilia kidogo, kwa sababu ni pesa zako zinazozungumziwa.

Mita ya intaneti hudanganya kwa njia zinazojulikana, na karibu zote zina dawa. Ya kwanza ni kihesabio kidogo. Ruta huhesabu baiti kwa nambari yenye mwisho. Kihesabio cha biti 32 kinafika 4,294,967,295, kisha kinarudi sifuri na kuanza upya, kama kilomita za gari kuukuu. Kwenye mstari wa Mbps 100 uliojaa, hilo hutokea kila baada ya dakika 5 na sekunde 44. Kwenye mstari wa Gbps 1, ni kila sekunde 34. Ukisoma ruta kila dakika 5, hutajua kimezunguka mara ngapi. Dawa ni kusoma vihesabio vya biti 64, ambavyo SNMP ya matoleo ya siku hizi inavyo tayari.

RADIUS nayo, ambayo ndiyo daftari la kampuni nyingi zinazotumia PPPoE, ina tatizo hilohilo. Sehemu yake ya kuhesabu baiti ni ya biti 32. Ndiyo maana mwaka 2000 iliongezwa sehemu nyingine iitwayo Gigawords, inayosema kihesabio kimezunguka mara ngapi. Programu ya malipo isiyosoma sehemu hiyo itamwona mteja aliyetumia gigabaiti 9 kana kwamba ametumia megabaiti 410. Mwenye kampuni anapoteza bila kujua. Tena jihadhari na majina: kwenye RADIUS "input" ni kile ruta ilichopokea kutoka kwa mteja, yaani alichopakia. Ukichanganya, utamwambia mteja anapakia filamu kila usiku ilhali anazitazama tu.

Ya pili ni stima. Stima ikipotea, ruta inazimika, na ikiwaka kihesabio kinaanza sifuri. Programu ikiona nambari imeshuka, inatakiwa ijiulize: je, kihesabio kimezunguka au ruta imezimika? Isipoangalia kifaa kimekuwa macho tangu lini, itadhani kimezunguka, na kumwongezea mteja gigabaiti ambazo hazikuwahi kuwepo.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Kampuni moja ndogo, ambayo sitaitaja, iliniomba niangalie programu yake ya malipo. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala, aliyekuwa kwenye bando la gigabaiti 100. Tarehe 12 akaambiwa amemaliza. Akalalamika, akaambiwa wafanyakazi wake ndio wanaotazama video. Akaongeza pesa, na siku chache baadaye akaambiwa amemaliza tena. Nilipochora grafu ya matumizi yake, kulikuwa na miruko tisa mikubwa kabla ya tarehe 12, kila mmoja kwenye dakika ileile ambayo ruta ya mlingoti wao iliwaka baada ya stima kurudi. Karibu gigabaiti 30 za hewa tupu! Programu ilikuwa ikisoma kuzimika kama kuzunguka.

Zingatia jambo moja hapo. Kampuni ile haikuwa ikiiba, na hata wao hawakujua. Lakini mama yule aliwatilia shaka vijana wake wa kazi, mmoja nusura afukuzwe, kwa sababu hakuwa na nambari yoyote mkononi ya kuweka mezani. Laiti angeionyeshwa ile grafu kila siku, angesema siku ya kwanza tu: "Gigabaiti 4 kwa dakika moja, na duka langu lilikuwa gizani, zimetoka wapi?" Swali hilo moja lingeokoa pesa zake na jina la kampuni. Mteja anayeona mita ni fundi wa bure wa kukagua mita yako.

Ya tatu ni saa. Seva nyingi huwekwa kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa masaa matatu. Seva ikidhani ni usiku wa manane, hapa kwetu ni saa tisa usiku. Bando la "siku" linalokatwa kwa saa ya seva litamalizika katikati ya usingizi wa mteja, na matumizi ya saa saba usiku yataandikwa jana. Hifadhi kwa UTC ukitaka, lakini hesabu na uonyeshe kwa saa za Afrika Mashariki.

Ya nne ni mahali mita ilipo. Kama unapima kwenye ruta kuu na antena ya mteja ina kelele, pakiti zinahesabiwa, zinapotea hewani, zinatumwa tena, na zinahesabiwa tena. Mteja analipia mara mbili kitu alichokipokea mara moja. Mwenye mahindi hawezi kukulipisha punje zilizomwagika mkononi mwake. Pima karibu na mteja kadiri unavyoweza, na ukiona tofauti kubwa kati ya ruta kuu na kifaa cha mteja, hiyo ni kazi ya fundi wa kupanda mlingoti. Isiwe bili.

Tuseme basi mita yako imenyooka. Unamwonyesha mteja nini? Sitaki mambo makubwa. Ukurasa mmoja mwepesi unaofunguka kwenye simu, hata bando likiwa limekwisha. Juu, jumla ya mwezi. Chini yake, siku kwa siku. Ukibonyeza siku, saa kwa saa. Kupakua kuwe na rangi yake na kupakia kuwe na rangi yake. Asiye na simu ya kisasa atumiwe SMS akifika asilimia 80, tena kabla hajakatwa na si baada.

Kutenganisha kupakua na kupakia si urembo. Siku hizi watu wanaweka kamera za usalama dukani na getini zinazotuma picha kwenye seva za mbali mchana na usiku. Kamera moja inayotuma Mbps 2 bila kupumzika inamaliza gigabaiti 648 kwa siku 30. Mwenye duka ataapa kwamba hakuna anayetumia intaneti, na kwa haki kabisa, maana yeye amelala. Mwonyeshe mstari ulionyooka wa kupakia, saa 24 bila kupanda wala kushuka, na ataelewa bila kuelezwa. Kesho ataiweka kamera irekodi kwenye kadi yake, na wewe utapata bomba lako tena.

Wazo hili la kuonyesha si langu wala si jipya. Grafu za MRTG, ambazo fundi yeyote wa mtandao anazijua, zilianza mwaka 1994 pale Tobias Oetiker alipokuwa akifanya kazi kwenye chuo kikuu nchini Uingereza chenye mstari mmoja wa kilobiti 64 kwenda nje. Kila mtu alitaka kujua mstari unaendeleaje, akaandika programu ya kuchora grafu na kuiweka kwenye wavuti ili kila mtu aione. Toleo la kwanza akalitoa mwaka 1995. Kwa hiyo grafu hizi zilizaliwa zikiwa hadharani. Sisi ndio tuliozifungia ofisini.

Lakini kuna mpaka, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kupima kiasi ni jambo moja, na kuchungulia ni jambo lingine. Ili kujua mteja ametumia gigabaiti 40, huhitaji kujua alikuwa tovuti gani. Kuna vifaa vinavyoweza kuandika kila anwani inayotembelewa, na nimewasikia wenye kampuni wakisema "tuwashe tu, huenda ikatufaa". Usiwashe! Katika mtandao wa mtaa wa wateja 200, wewe mwenye kampuni unawajua wote kwa majina. Unajua nani anatafuta dawa gani, nani anatafuta kazi, nani anaomba mkopo. Huo ni mzigo ambao hutaki kuubeba. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi uliyoisema. Kazi uliyoisema ni kupima. Hifadhi mteja, saa, baiti zilizoingia, baiti zilizotoka. Basi.

Na Katiba hiyohiyo, kwenye Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na huduma anayonunua. Mimi si wakili, lakini sioni ni habari gani inayohitajika zaidi ya kiasi ulichouziwa.

Najua majibu yanayokuja. "Ni gharama." Hapana. Wateja 300 wakiandikwa kila dakika 10 ni mistari 43,200 kwa siku, kama milioni 1.3 kwa mwezi. Tarakilishi ya mtumba yenye FreeRADIUS na hifadhidata ya MySQL inabeba hiyo bila kutoa jasho, na programu zote hizo ni za bure. Baada ya miezi miwili au mitatu, kusanya dakika ziwe saa, na ufute zilizobaki. Faida nyingine ni kwamba ukiandika kila dakika 10 badala ya kusubiri mteja akate mawasiliano, stima ikipotea unapoteza dakika 10 tu za hesabu na si siku nzima.

"Wateja watabishana nami." Ndiyo, watabishana. Wanabishana sasa hivi, ila wanabishia gizani, kwenye WhatsApp ya mtaa, na wewe huna cha kuwajibu. Ubishi wenye grafu mezani huisha kwa dakika tano. Usio na grafu huisha kwa mteja kuhamia kwa jirani yako.

"Wataona kwamba siwapi Mbps nilizoahidi." Hili ndilo jibu la kweli, na ndilo linalozuia mengine yote. Nami najibu hivi: kama unaogopa mteja akione alichonunua, tatizo lako si programu. Badilisha tangazo. Andika "hadi Mbps 5, na jioni usipungue 2", kisha uitimize hiyo 2. Watu wa mtaani si wagumu kiasi hicho. Wanaelewa kugawana. Wasichokielewa ni kuambiwa bila kikomo halafu wakute kikomo.

Kwa wewe unayelipa kila mwezi, kuuliza si ujinga. Mpigie mtoa huduma wako umuulize maswali matatu: Mnapima wapi? Mnaanza siku saa ngapi? Naweza kuiona wapi? Anayejibu yote matatu bila kusitasita, kaa naye, hata kama ana antena moja tu na ofisi yake ni kibanda. Anayekwambia "usijali, tutakuambia ikiisha", huyo ameushika mkebe kwa nyuma, na wewe hujui tako lake likoje.

Nanyi mnaoandika programu hizi za malipo, ukurasa wa mteja usiwe kitu cha "tutaongeza baadaye". Uwe wa kwanza, na skrini ya mwenye kampuni isome jedwali lilelile. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, kuna mtu anadanganywa.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.